Shangazi, mwanangu anakalishwa chini ya mwembe wenziwe wakinywa uji

Assalaam alaykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba. Wa kati, msichana wa miaka saba aliye darasa la pili, hali njugu, yaani karanga. Sisemi hazipendi, hachukuani nazo kabisa. Tulijua alipokuwa na miaka mitatu. Bibi yake mzaa baba alimpa kipande cha kashata, hakizidi ukucha wa kidole gumba, na kabla hajakimaliza midomo ilishavimba na mwili mzima umetoka mabaka. Daktari alisema ni aleji ya njugu, tena kali, na asizile tena. Tangu siku hiyo njugu haziingii nyumbani kwangu, na mchicha naupika kwa nazi tu.

Shida imekuja skuli. Tangu muhula huu watoto wanapikiwa: uji wa saa nne kila siku, na wali mara mbili kwa wiki. Wazazi tunachangia, na ni jambo jema, wala silalamikii hilo. Siku ya kwanza nilikwenda mwenyewe nikamwambia mwalimu wa darasa, naye akaniahidi. Wiki ya tatu mpishi akabadilishwa na unga ukabadilishwa, ukaja huu wa lishe uliochanganywa mahindi, mtama, soya na njugu. Mwanangu akauliza kama una njugu. Mwalimu wa zamu akamwambia huo ni uji tu, asikatae neema ya Mungu. Akanywa nusu kikombe.

Akaanza kujikuna, kisha akatapika. Wakamnawisha uso, wakamkalisha kwenye kivuli cha mwembe apate upepo, ndipo wakanipigia simu. Nilipofika sauti ilikuwa imekwama, anakohoa kama mtu aliyepaliwa. Nikampakata juu ya bodaboda mpaka hospitali, shingo imemlegea begani kwangu. Alhamdulillahi alichomwa sindano akarudi hali yake, na baada ya nusu saa tukaambiwa twende nyumbani. Magharibi mabaka yakarudi, nikampa piritoni, yakaondoka.

Sasa mwalimu mkuu ananambia nichague: nimfungie chakula cha nyumbani na wakati wa uji akae peke yake chini ya mwembe ule ule, au nitafute skuli nyengine. Nikaomba njugu zitolewe kwenye unga. Kwenye mkutano wa wazazi mama mmoja akasimama akasema, "Kwa mtoto mmoja, watoto mia tatu wanyimwe lishe?" Watu wakapiga makofi. Nikavuta ushungi nikatoka.

Mama mkwe naye anasema tunamdekeza, tumpe kidogo kidogo atazoea, kama watu wanavyozoea pilipili. Mume wangu hasemi hili wala lile. Jirani ananiambia hata nazi nimwachishe, eti kwa Kizungu nazi na njugu ni jamaa moja. Na mtoto mwenyewe juzi kaniuliza, "Mama, nimefanya kosa gani?"

Nimhamishe, Shangazi? Au nimkalishe nyumbani mpaka akue?

Mama wa watatu, Wete

*

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Pole sana, na huyo mwari nipe nimpe pole yake peke yake, maana kwenye barua yote hii ni yeye tu aliyefanya kila kitu sawasawa. Aliuliza kama uji una njugu. Mtu mzima ndiye aliyemjibu vibaya.

Usimhamishe. Huko utakakompeleka nako kuna jiko na kuna upawa, na utaanza upya kuwaeleza watu ambao hawajaona kitu. Hawa wako wameona kwa macho yao mtoto akijikuna na kutapika. Mwalimu aliyeona ni rahisi kufundishika kuliko aliyeambiwa. Na kumkalisha nyumbani mpaka akue, usilifikirie: kwa kila watoto watano wenye aleji ya njugu, ni kama mmoja tu anayekuja kuachwa nayo. Atakuwa mkubwa, na njugu zitakuwa bado zinauzwa barazani.

Lakini kabla hatujafika kwenye uji, nizungumze habari ya mwembe na bodaboda. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili mwili ulinisisimka hapo hapo.

Mtoto aliyekula kitu alicho na aleji nacho, akatoka mabaka halafu akatapika, au akakohoa, au sauti ikakwama, si mtoto wa kupepewa. Hiyo ni hali ambayo presha inaweza kuporomoka na njia ya pumzi kuziba ndani ya dakika chache. Alazwe chali papo hapo alipo, miguu iinuliwe juu ya mkoba wake wa skuli. Kama pumzi inambana akalishwe, lakini miguu inyooshwe chini, asining'inizwe kwenye kiti. Akitapika au akizimia, alazwe ubavu. Asisimamishwe, asitembezwe hata akisema yuko vizuri, kwa sababu wapo waliokufa kwa kuinuliwa ghafla tu. Sasa ona tulivyofanya: tumemkalisha chini ya mwembe, kisha tukamweka wima juu ya bodaboda shingo imelegea. Sikulaumu, mama akiona hivyo hupanda hata punda. Ila leo, ukiwa umetulia, tafuta watu wawili wenye gari karibu na skuli, mwalimu, mwenye teksi, mwenye gari ya kuchukulia karafuu, yeyote, uchukue namba zao na uwaambie kabisa kwamba siku moja wanaweza kupigiwa. Hata bajaji ni afadhali, huko unaweza kumlaza mapajani.

Dawa ya hali hiyo ni moja, nayo ni adrenalini. Huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na ikibidi hurudiwa baada ya dakika tano mpaka kumi na tano. Kiasi chenyewe ni kidogo, kwa mtoto wa kilo 20 hakifiki hata robo ya mililita, lakini ndicho kinachofungua kifua na kuinyanyua presha. Piritoni haifanyi kazi hiyo. Piritoni inatuliza kuwashwa, na hatari yake ni kwamba mabaka yakipungua watu hudhani yamekwisha, kumbe koo linaendelea kuziba. Maziwa, maji ya dafu, kumtia kidole atapike, yote hayo yaacheni.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani hutembea na kalamu za adrenalini, unaibana pajani sindano inatoka yenyewe. Kwetu si rahisi kuzipata na bei yake inatisha. Chupa ndogo za kawaida za adrenalini, lakini, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na si dawa ya ajabu. Kwa hivyo nenda kituo cha afya kilicho karibu na skuli, siku ya kawaida, asubuhi, uulize: adrenalini ipo? Haijapita muda wake? Saa nne, uji unapogawiwa, kuna nani anayeweza kuichoma? Wakikwambia haipo, ni bora ulijue leo. Kisha umuone daktari wa mtoto, umuombe akuandikie kipimo kwa kilo zake na akwambie kama inafaa chupa na bomba viwekwe skuli, na nesi aje kuwafundisha walimu wawili namna ya kuvuta dawa na kuchoma. Ni mafunzo ya asubuhi moja.

Na jengine, kwa daktari huyo huyo. Yale mabaka ya magharibi hayakuwa mapya. Aleji kali huweza kurudi mara ya pili baada ya saa kadhaa, bila mtoto kula chochote. Ndiyo maana aliyepata shambulio la namna hiyo huangaliwa hospitali muda wa saa sita au zaidi. Mara nyengine ukiambiwa nenda nyumbani baada ya nusu saa, kaa kwenye benchi la nje. Sema unangoja usafiri.

Haya, tuje kwenye sufuria.

Yule mama aliyesimama mkutanoni, mimi simchukii. Kafikiri njugu ndiyo lishe yenyewe. Njugu kwenye unga ule zinaleta mafuta na protini, basi. Soya imo tayari, na mkitaka zaidi kuna choroko na kunde. Mafuta yatoke kwenye tui, kama bibi zetu walivyopika uji wa mtama siku zote bila mtu kuuita wa lishe. Najua nazi sasa bei si ile ya zamani, lakini na njugu nazo hazigawiwi bure. Kwa hivyo ukirudi mbele ya kamati ya skuli usiseme "mwanangu anaomba msaada." Uliposema hivyo walihesabu mmoja kwa mia tatu. Nenda na hesabu ya sufuria: kilo ngapi za unga, njugu ngapi zinatoka, nini kinaingia badala yake, shilingi ngapi. Kama kuna mwalimu wa sayansi kimu, mshike huyo kwanza. Watoto mia tatu na mmoja wanywe uji mmoja. (Muulize daktari habari ya soya, maana kwa ukoo ni jamaa ya njugu, ingawa wengi wenye aleji ya njugu hula soya na maharage bila tabu yoyote.)

Usikubali ukiambiwa "tutampikia wake pembeni." Mimi nimesimama kwenye majiko ya shughuli tangu msichana, najua upawa unavyosafiri. Mpishi anachota sufuria hii, anageuka kumjibu mtu, mkono unarudi kwenye sufuria ile. Hana nia mbaya, ana jasho na moshi machoni. Kwa mwanao upawa huo unatosha kumdhuru, na kuchemka kwa uji hakuzisaidii njugu kupoteza ukali wake. Kuzikaanga ndiyo kabisa, kunazidisha. Angalieni na mashine ya kusagia. Mtama uliosagwa nyuma ya njugu umebeba unga wa njugu, hata gunia liwe limeandikwa mtama mtupu. Tafuteni mashine isiyosaga njugu, na nafaka mnunue wenyewe.

Kuhusu mwembe: haufai, na si kwa huruma tu. Harufu ya njugu au kukaa karibu na mtu anayezila kwa kawaida hakuleti shambulio kali. Kinacholeta ni kuingia mdomoni. Sasa ukimtenga mtoto peke yake chini ya mti, umemuondoa mbele ya macho ya watu wakati ule ule anaohitaji kuonekana. Nani atajua kwamba sauti imebadilika? Akae kwenye benchi lake, mwisho wa safu, kikombe chake kina alama, na rafiki yake mmoja ajue. Watoto wa darasa la pili ukiwaeleza vizuri ni walinzi wakali kuliko walimu. Wataripoti mpaka njugu iliyodondoka njiani. Siku za wali apakuliwe kwanza, kwenye sahani yake, asile sinia moja na wenziwe. Na wote wanawe mikono kwa sabuni baada ya kula. Maji matupu ya kwenye beseni hayaondoi njugu, na vile vidawa vya kupaka mkononi haviondoi.

Ukiombwa upige marufuku njugu skuli nzima, mimi ningekwambia usipoteze nguvu huko. Kuna mama anauza visheti na njugu getini, kuna kashata mfukoni mwa mtoto, huwezi kupekua. Miongozo ya kimataifa ya aleji za chakula maskulini iliyotoka 2021 imekwenda njia hiyo hiyo: kuwafundisha watu wazima, kuwa na adrenalini, na kila mtoto mwenye aleji awe na mpango wake ulioandikwa, kuliko kutegemea katazo la jumla. Sufuria ni ya skuli, hiyo mnaweza kuiamua. Mpango wenyewe ni karatasi moja, kwa Kiswahili: picha yake, "HALI NJUGU", dalili, alazwe vipi, apigiwe nani, gari la nani. Moja ibandikwe jikoni juu ya meko, nyengine ofisini. Mpishi akibadilishwa tena, karatasi haibadilishwi.

Sasa mama mkwe wako. Hapa nataka uende kwa adabu, maana huyu bibi ndiye aliyempa kashata ya mwanzo, na nadhani anaposema "tunamdekeza" anajitetea nafsi yake. Hakujua. Mwambie hivyo, kwa sauti, mumeo akiwepo: "Mama, hukujua, na hakuna aliyejua." Halafu hilo la kuzoea, usimcheke, kwa sababu wazo lenyewe lipo kweli hospitali. Mwaka 2020 Marekani waliidhinisha dawa ya unga wa njugu kwa watoto wa miaka minne mpaka kumi na saba, wanalishwa kidogo kidogo ili mwili uvumilie. Lakini wanaanzia nusu miligramu ya protini, wakati njugu moja ina zaidi ya miligramu 200, na dozi ya kwanza na kila inapopandishwa daktari yuko pale na adrenalini mkononi. Hata hivyo baadhi yao hupata shambulio. Kipande cha kashata jikoni hakina mizani.

Ukiona bado ana shaka, mpe hadithi hii. Miaka ya 1901 na 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wakichunguza sumu ya viumbe wa baharini wa ukoo wa konyeza. Waliwachoma mbwa kidogo, wakitaraji kwamba watazoea. Wiki kadhaa baadaye wakawarudia waliopona, kwa kiasi kidogo tu, na mbwa wakafa muda mfupi tu. Mwili ulikuwa umejifunza kinyume. Hapo ndipo jina la kitaalamu la hali iliyompata mwanao, anafilaksisi, lilipotoka, na Richet akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Mtu wa Pemba aliyewahi kuguswa na konyeza ataielewa bila kuchorewa.

Kisha mpe kazi. Bibi aliyepewa kazi hasumbui. Yeye ndiye amwambie maalim wa chuo cha Qur'ani, maana neno lake lina uzito kuliko lako: sadaka zikigawiwa, halua ya maulidi ikikatwa, huyu asipewe mpaka ijulikane imetiwa nini. Halua yetu mara nyingi ina lozi au korosho, na baadhi ya wenye aleji ya njugu hudhurika na hizo pia, daktari ampime. Sikukuu, wakienda Tibirinzi au kuzunguka majumbani kuamkia, awe na kijimfuko cha kuwekea, hali mpaka arudi kwa bibi kukaguliwa. Na mumeo aache kunyamaza: akitoka barazani kwenye kahawa na kashata, anawe kwa sabuni kabla hajamshika binti yake.

Biskuti za kutoka Oman na Dubai nazo mzisome. Wengi tunaona maandishi ya Kiarabu tunapita, ilhali sote tumepita chuoni na herufi tunazijua. Njugu kwa Kiarabu ni ful sudani, فول سوداني. Mfundishe mwenyewe aitambue. Miaka saba, yuko juzuu amma, ataisoma kabla yako.

Alipokuuliza amefanya kosa gani, sijui ulimjibu nini. Mimi ningemwambia: hukukosea, uliuliza vizuri, na siku nyengine ukiuliza ukajibiwa "kunywa tu", una ruhusa yangu kukataa, hata akiwa mwalimu, na mimi nitakuja kuzungumza naye. Kisha kweli nenda ukazungumze naye, yule mwalimu wa zamu, peke yenu, bila mkutano. Nakuhakikishia hajalala vizuri tangu siku ile.

Na nazi? Kwenye majina ya Kizungu, coconut na peanut, zimefanana, mwilini hazifanani. Walio wengi wenye aleji ya njugu hula nazi maisha yao yote, na mwanao kaila miaka saba hajajikuna hata kidole. Huyo jirani mpelekee bakuli la mchicha wako, na tui liwe zito.

Shangazi